Uso Mmoja Uliopungua

Fundi wa nguo ni mtuhumiwa kabla hajashika mkasi. Mteja akikuletea yadi sita za kitenge, moyoni mwake ameshakuhukumu kwamba nusu yadi utaificha chini ya cherehani, na siku ya kuchukua gauni lake ataulizia mabaki kwanza, mshono baadaye. Sikuwahi kulalamika, maana na mimi niko hivyo hivyo. Simwamini anayenipimia mafuta ya taa, simwamini anayenichotea maharage, na marehemu mume wangu nilikuwa nikimnusa shati kila alipotoka sokoni. Nimekaa Oli, pembeni mwa mji wa Arua, muda mrefu kiasi kwamba miguu ya cherehani yangu imechimba vishimo vinne kwenye sakafu ya kibaraza. Kwa miaka yote hiyo sijaona sababu ya kubadilika.

Kwa hiyo yule mama alipokuja na kitambaa chake, nilimtilia shaka kabla hajakifungua. Alikuwa jirani yangu, mjane, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Aliuza samaki wakavu kando ya barabara, hatua chache kutoka kwangu, na nusu ya wiki alikuwa Koboko kwa dada yake. Tulisalimiana miaka mitatu bila mmoja kuingia nyumbani kwa mwenzake. Siku hiyo aliketi kwenye kigoda cha wateja, akaukunjua mzigo magotini, na nikaona wanaume wengi wenye ndevu wananitazama.

Kilikuwa kitenge cha baba wa taifa lao. Uso wake umechapwa ndani ya duara, ukubwa wa sahani ya wali, mstari baada ya mstari. Jina lake silitaji hapa. Wao wenyewe hawakulitaja mbele yangu, walisema Mzee tu, na kila mtu alijua ni mzee gani.

"Mama fundi, hapa Mzee iko kumi na nane," alisema. "Mimi nahesabu mara mbili. Hapana kata hata moja. Na hapana weka yeye hapa." Akajipiga makalio. "Mimi hapana kalia Mzee."

"Sasa mkasi itapita wapi?"

"Katikati yao. Nafasi iko."

Nilimwambia gauni la namna hiyo linakula kitambaa bure. Akasema kitambaa ni chake, na mabaki yote atayataka, hata kipande cha kufuta pua. Kisha akacheka kwa mdomo, macho yakabaki palepale, akasema, "Nyinyi watu ya hapa ndio mliona yeye mara ya mwisho."

Nililijua neno hilo. Mzee wao alipigana porini miaka mingi, akatia saini amani, akafa kabla nchi haijapata bendera. Alifia safarini akitoka kwetu Uganda, ndege ikaanguka milimani. Waliochunguza walisema ni ajali, na mimi sina cha kuongeza. Lakini tangu siku hiyo watu wa kwao wakituangalia kuna kitu wanakimeza, na wengine, kama huyu, hawakimezi.

"Siku hiyo mimi nilikuwa napalilia muhogo Aroi kwa wakwe zangu," nilimjibu. "Uliza wakwe."

Akanieleza gauni ni la nini. Kila mwaka watu wao hukusanyika kwenye uwanja wa kanisa moja Koboko kumkumbuka Mzee. Picha yake huwekwa juu ya meza, na wajane wa vita vyake hupita mmoja mmoja mbele ya meza hiyo, kila mmoja akilitaja jina la mume wake. Watu wote hujibu kwa pamoja, kama askari kwenye gwaride: "Iko!" Yaani yupo, hajapotea, ni wetu. Mwenye kujibiwa hivyo, nyumba yake inahesabiwa miongoni mwa nyumba zilizoijenga nchi.

Yeye hakuwa amewahi kupita. Zamani, wakati vita vikiendelea, jeshi la Mzee liligawanyika, wengine wakamgeukia wakawapiga watu wake risasi za mgongo, na mume wake aliondoka na hao. Kamati ya wazee pale Koboko haikusahau. Yeye alishikilia kwamba mume wake alirudi kwa Mzee kabla ya kufa, tena alirudi kwa miguu, wiki mbili, na akafa akiwa mtu wa Mzee. Mwaka huu mwenyekiti wa kamati alilegea, akasema haya, pita, taja jina la mumeo, tuone kama watu watajibu.

"Na wakinyamaza?" niliuliza.

"Wakinyamaza, watoto yangu iko watoto ya mwasi mpaka wazae na wao."

Alisema hivyo bila kulia. Nilimpima mabega, kifua, kiuno, nikaandika kwenye daftari. Nilitaka kumhurumia, lakini huruma yangu ina mguu mbovu, siku zote hufika nyuma ya shaka.

Shaka ililetwa kesho yake na mteja mwingine, mwanamke wa kwao pia, aliyekuja kupunguziwa sketi ya shule ya binti yake. Alikiona kitenge mezani, akauliza ni cha nani, nikamwambia. Akavuta midomo. "Huyo? Mutu yake hapana rudi. Kaka yangu alikuwa huko. Huyo mama nadanganya kanisa." Akaongeza kwamba vitenge vya Mzee siku hizi kila mtu anavyo, na hata wale wanaochinjana kule kwao sasa hivi, pande zote mbili, wanavaa uso uleule. Hilo la mwisho nililiamini mara moja. Hapo kibarazani kwangu nimewahi kuwaona vijana wawili wa kwao wakikataa kukaa benchi moja, na kila mmoja ana Mzee kwenye fulana.

Basi nikakifikiria kitenge kile siku nzima. Nani alimpa? Kwa nini amelegezewa mwaka huu na si mwaka jana? Kama anadanganya, mimi ninayemshonea ni nini? Nilikuwa na hasira naye kana kwamba ameniibia.

Hapa lazima niseme jambo la aibu kuhusu mimi. Nilizaliwa Ludara, upande wa Koboko. Utawala wa rais aliyetoka kwetu ulipoanguka tulikimbilia ng'ambo ya mpaka, kwao hawa hawa, nikiwa mtoto wa kubebwa kidogo na kutembezwa kidogo. Kule tuliulizwa swali moja kila mahali, kisimani, kwenye foleni ya mahindi, shuleni: baba yenu alikuwa jeshini au hakuwa? Mama alitufundisha kujibu kwamba alikuwa mkulima. Tulijibu hivyo mpaka tukarudi nyumbani, na mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli. Ungedhani mtu aliyekuzwa na swali kama hilo hatamtesa nalo mwenzake. Ngoja.

Siku ya kukata, mwenye kitambaa alikuja kunilinda. Aliketi kigodani asubuhi yote akiutazama mkasi wangu kama askari jela. Nilikata kipande cha mbele, nikapita katikati ya nyuso kama alivyotaka, hakuna hata sikio lililoguswa. Nilikata mikono. Kisha mtu akaita kutoka barabarani kwamba magunia yake ya samaki yameshushwa, mbwa wanayazunguka, akatoka mbio. Nami nikashusha pumzi, na kwa ajili ya kumaliza kabla hajarudi nikafanya nilichojua sipaswi kufanya. Nilikikunja kitambaa cha mgongo mara mbili bila kukipiga pini.

Mkasi uliposhuka kutoka shingoni nilisikia kitambaa cha chini kikiteleza. Fundi huisikia hiyo kwenye vidole kabla ya kuiona. Nilipokifunua, Mzee mmoja, yule wa katikati ya mgongo, alikuwa nusu. Nimempasua kutoka kwenye paji la uso mpaka kwenye ndevu, mkasi ukipita juu ya pua.

Nilikaa chini. Kisha nikafanya haraka. Nilichukua uso mwingine kutoka kwenye mabaki, nikaukata nusu ile iliyokosekana, nikauunga na nusu ya mgongoni, pua kwa pua, nikashusha mshono ule mpaka kiunoni ili uonekane kama mtindo. Nilipiga bandi ya kushikiza kwanza kwa mkono, nikaangalia, nikapitisha cherehani. Ilikuwa kazi nzuri, nasema bila haya. Jicho lilikaa usawa na jicho lenzake. Zilibaki nusu mbili za ziada, ushahidi wangu, na pasi ya mkaa ilikuwa hapo inawaka. Nilikifungua kifuniko nikazitupia ndani. Zilitoa moshi mweusi wenye harufu ya nywele, na jirani yangu aliporudi, samaki wakiwa salama, aliuliza nini kinaungua.

"Uzi," nilisema.

Siku ya kuchukua alifika mapema, akalitandaza gauni juu ya meza, na mabaki kando yake. Akaanza kuhesabu, akigusa kila uso kwa kidole. Kumi na moja kwenye gauni. Sita kwenye mabaki. Akarudia. Kumi na saba.

"Mzee moja iko wapi?"

"Mshono imekula," nilisema. Ndiyo kauli yetu mafundi, na wateja wote wanaijua, na hakuna anayeiamini.

"Mshono nakula ukingo. Mshono hapana kula kichwa ya mutu." Aliinua macho. "Nani alikutuma? Kamati? Yule mama ya sketi, mimi niliona yeye hapa. Umempa yeye uso ya Mzee aende afanye nini nayo?"

Kwa kweli sikuwa nimefikiria kama kuna kitu mtu anaweza kufanya na uso mmoja wa kitambaa. Lakini kushukiwa uchawi na wizi kwa mara moja kulinichoma, zaidi kwa sababu nilikuwa na kosa, ila si hilo. Mtu mwenye kosa akishtakiwa kosa jingine hupata nguvu za ajabu.

"Mimi hapana iba," nikasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Wewe nahesabu uso ya Mzee, haya, tuhesabu. Mutu yako alikufa upande gani? Alirudi au hapana rudi? Sema hapa, watu wasikie."

Mikono yake ilianza kukunja, gauni, kisha mabaki, kila uso juu ya mwenzake, polepole. Alipofika ngazi ya kibaraza alisema tu, "Asante, mama fundi," kwa adabu kamili, na akaenda Koboko siku hiyo hiyo. Sherehe ilikuwa kesho yake.

Nilirudi kwenye cherehani kushona mfuko wa kaptula. Mguu ulikuwa unakanyaga lakini kichwa kilikuwa mgongoni mwa yule mama. Unapounga vitambaa viwili, kila upande unaachia kidogo cha kuliwa na mshono, upana wa kidole. Ile nusu niliyoipasua kwa bahati mbaya haikuwa na cha kuachia. Ningeipa kidole kizima, pua ya Mzee ingezama ndani na angebaki na jicho moja kubwa la kutisha. Kwa hiyo nilibana, upana wa ukucha tu, kwa ajili ya uzuri. Mshono wa ukucha, kwenye kitambaa chepesi, katikati ya mabega. Mtu akisimama tu unashika. Mtu akinyanyua mikono unaachia. Na nani hupita mbele ya meza ya marehemu, kanisani, bila kunyanyua mikono?

Nikaona yote. Atasimama mbele ya picha, mgongo kwa watu. Atanyanyua mikono kumtaja mume wake, anayeshtakiwa kumgawanya Mzee, na Mzee atapasuka vipande viwili mgongoni mwake mbele ya kamati nzima. Hakuna mtu angesema ni fundi. Hata mimi nisingesema ni fundi, kama ningekuwa mmoja wao. Ningesema angalia, amejionyesha.

Asubuhi nilifunga kibaraza, nikatia sindano, uzi mweusi na kipande cha bitana kwenye mkoba, nikaenda Koboko.

Getini kwa kanisa walinisimamisha wanaume wawili wenye vitambaa vyekundu mkononi. Mmoja aliuliza natoka wapi. Nikasema Arua. Natafuta nani? Nikasema mama mmoja wa samaki. Akauliza kuna nini mkobani, nikamwonyesha sindano, na hiyo ikamtia wasiwasi zaidi. "Wewe mutu ya Uganda, leo iko siku yetu. Sindano ya nini?" Nikamwambia ukweli, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, kwamba nilimshonea mtu vibaya na nimekuja kurekebisha. Walinong'onezana. Nadhani uongo ungepita haraka zaidi. Mwishowe mmoja alinisindikiza hatua kwa hatua mpaka nyuma ya jiko, walikokaa wajane wakisubiri zamu, na akabaki amesimama karibu.

Jirani yangu aliniona akageuza uso. Nilichuchumaa mbele yake.

"Mimi nilikata Mzee," nilisema. "Hapa, mgongoni. Mbili. Nikaunga. Nusu zingine nilichoma na pasi. Hakuna mutu alinituma. Na mshono haina nguvu, ukinyanyua mikono itapasuka."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui nilitegemea nini, labda kofi. Alisema, "Ulichoma Mzee na pasi," taratibu, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Halafu akanyanyuka, akanipa mgongo.

"Shona."

Hapakuwa na nafasi ya kuvua. Nilipitisha kipande cha bitana ndani kupitia shingoni, nikakilaza juu ya ngozi yake, nikaanza kushona gauni likiwa mwilini, mishono midogo midogo, mkono wangu wa kushoto ukiwa ndani ukizuia sindano isimchome. Mara mbili ilimchoma. Hakushtuka. Nilihisi moyo wake unapiga kwenye vidole vyangu, haraka sana, na nikajua kwamba mwanamke huyu anaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Niliona aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nilikata uzi kwa meno walipokuwa wanamwita.

Alipita mbele. Mimi nilibaki kwenye kona ya jiko, yule mwenye kitambaa chekundu kando yangu. Wajane waliotangulia walikuwa wamejibiwa vizuri, "Iko!" inagonga mabati. Yeye alisimama mbele ya picha, akanyanyua mikono yote miwili juu kabisa, na Mzee wangu wa nusu mbili akanyooka bila kupasuka. Akalitaja jina la mume wake, majina matatu, jina la baba na la babu, kwa sauti ambayo sikujua anayo barabarani anapouza samaki.

Hakuna aliyejibu.

Mwenyekiti alitazama karatasi yake. Watu walitazama miguu yao. Nilimwona yule mama wa sketi amekaa mstari wa pili, midomo ameivuta. Mikono ya jirani yangu ilikuwa bado juu. Mimi mume wake sikumwona hata siku moja. Nilichokuwa nacho juu yake ni tetesi, na tetesi zote zilikuwa mbaya.

"Iko!" nikasema.

Vichwa vyote viligeuka. Mwenye kitambaa chekundu alinishika kiwiko. Mwenyekiti akauliza kwa Kiswahili, akinielekezea karatasi, "Wewe ni nani? Ulijua yeye?" Kabla sijajibu, mwanamke mmoja mzee katikati ya wajane akasema "Iko," bila kumtazama mtu, kama anayejibu salamu. Kisha mwingine. Kisha watu kama kumi, si kwa pamoja, na si kwa furaha. Wengi walinyamaza mpaka mwisho. Mwenyekiti alitia alama kwenye karatasi, ya namna gani sikuiona, akaita jina la mjane aliyefuata.

Walipogawa chakula, jirani yangu alikuja na sahani moja ya ugali na maharage, akaiweka katikati yetu kwenye gogo nyuma ya jiko. Tulinawa. Alimega tonge, akalibonyeza muda mrefu bila kulila.

"Mama fundi," alisema, chini sana. "Yeye hapana rudi. Alikufa huko huko, na watu wale. Mimi natoa hiyo maneno ya kurudi sababu ya watoto."

Hasira ilinijia yote, ile ya zamani na mpya. Nimetoka Arua, nimesimama mbele ya watu wa watu, nimetoa sauti yangu kwa uongo ambao niliunusa tangu siku ya kwanza. Niliutazama uso wake kama ninavyotazama mizani ya muuza maharage. Aliuacha utazamwe. Hakuomba chochote.

"Mimi hapana sema yeye alirudi," nikamwambia. "Mimi nilisema iko."

Nilikuwa bado nimemkasirikia, na kila neno nililimaanisha.